Mwaka wa Mistari Myekundu

Hamisi alisimama mbele ya jeneza, akashika kipaza sauti kama mtu anayetafuna muwa, akasema marehemu alitunyoosha. Watu wakatikisa vichwa. Akasema bila viboko vya Mwalimu Zakaria yeye leo angekuwa anapigia debe magari stendi, na badala yake ana ofisi Dar es Salaam na vijana wanaomwita bosi. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kisichoonyesha meno. Mie nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, mtandio umenibana shingo, binti yangu Zuhura kaniegemea, na macho yangu yalikuwa kwenye kidole gumba cha Hamisi, kwa kuwa pale pana kovu, na lile kovu ni la meno yangu. Saumu, aliyekaa kulia kwangu, akaniinamia sikioni. Akaniambia wanakutaka na wewe useme mawili matatu, shoga, wewe ndiye uliyekuwa hodari wa darasa. Nikamuuliza niseme nini. Akasema sema mema, maiti hasemwi. Kisha akanibana goti, kwa mkono uleule alionishikia mguu siku ile, na nadhani alikwisha kusahau kwamba mkono ule una habari. Nilikwenda kwenye msiba ule nimejiandaa kukaa kimya, kula wali wao na kuondoka. Lakini mtu anaweza kumeza wali. Kusikia "alitunyoosha" kutoka kwenye mdomo wa Hamisi, hilo halimezeki.

Wazazi wangu nawaacha, hawakuwemo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, cheti changu cha kawaida isipokuwa hesabu, ambamo niling'ara, na tulikuwa tumepanga chumba Usagara, hapa Tanga, mie na Saumu, kitanda kimoja, jiko moja la mkaa, kioo kimoja cha kujitazamia tulichokigombea kila asubuhi. Mwalimu Zakaria alikuwa na nyumba Raskazone, moja ya zile za kizamani za Wajerumani, kuta nene kama za ngome, dari juu hata feni inazunguka bila mtu kusikia upepo. Sebule ndiyo lilikuwa darasa. Kulikuwa na meza mbili ndefu, kompyuta kuukuu alizozikusanya huku na huko, waya zimetambaa sakafuni, ubao mweusi, na chini ya ubao benchi. Nyuma ya sebule kulikuwa na ukumbi mdogo, halafu jiko la mkewe, Mama Elinami. Mwalimu alikuwa mtu wa milimani, Mlutheri, mwenye sauti nzito ya kwaya, aliyefundisha hesabu sekondari miaka mingi kabla ya kuacha na kufungua kituo chake. Ya kompyuta alijifundisha mwenyewe, na aliyajua. Sitasema uongo hapa ili hasira yangu ionekane nzuri zaidi. Aliyajua.

Kazi aliyotufundisha ni hii. Kioo cha simu ni nukta nyingi kama mchanga wa pwani. Ukifungua ukurasa kwenye brauza na kuona maji yanameta au moto unawaka au nguo inapepea, kuna amri ndogo nyuma yake, na amri ile inaulizwa na kila nukta kwa mpigo mmoja: mimi niwe rangi gani sasa hivi? Nukta haimjui jirani yake, inapokea jibu lake tu. Amri hiyo inaitwa sheda. Chipu ya picha ina lugha yake ya chini, lugha kavu, ngumu, isiyo na adabu. Mwalimu alitufundisha kuandika kwa lugha ya juu, yenye maneno yanayokaribia ya binadamu, ambayo ndani yake wimbi unaliita wimbi na kitambaa kitambaa. Halafu kulikuwa na programu iliyochukua ulichoandika na kukigeuza kuwa ile lugha ya chini. Sisi tuliiita Mkalimani. Ukikosea, Mkalimani hakugeuza kitu. Alikutolea mstari mwekundu kwenye kioo, na kosa moja la juu huzaa malalamiko chungu nzima ya chini, kwa sababu akishaacha kukuelewa pale ulipokosea haelewi na yanayofuata. Ukisahau kufunga bano moja, kioo kizima kinageuka damu.

Na sheria ya Mwalimu Zakaria ilikuwa mstari mmoja, fimbo moja.

Nasema fimbo, nasema watu wazima. Hamisi alikuwa na ndevu. Kulikuwa na dada aliyekuwa ameolewa tayari, akija na chakula cha mumewe kwenye kikapu. Fimbo zilikuwa za mpera, anazilowesha kwenye ndoo pembeni ya mlango ili zisikatike, na mikononi hakupiga. Mikono ya kompyuta haipigwi, alikuwa anasema, mikono ndiyo shamba lenu. Kwa hiyo ulilala kifudifudi kwenye benchi, tumbo kwenye ubao, ukashika miguu ya benchi, na ukapigwa makalioni na mapajani mpaka mistari yako iishe. Wasichana tulibana madera yetu kwa magoti yasipande. Ukipiga kelele, ile haihesabiwi. Kisha unarudi kwenye kiti ambacho hukiwezi, unaandika umechuchumaa nusu, na wenzako wanacheka. Kucheka ndiyo ilikuwa dawa yetu. Hamisi akiinuka pale alikuwa anasema amesafiri daraja la kwanza, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Sote tulicheka. Tulikuwa tumechapwa tangu darasa la kwanza, nani angeshangaa. Wazazi wa wenzangu walikuja na mifuko ya mahindi kumshukuru.

Kuna siku moja naikumbuka kwa uzuri, na inaniudhi kwamba naikumbuka kwa uzuri. Mfanyabiashara mmoja wa kanga, Bwana Nassor, mtu wa zile familia za Kimanga, Waarabu wa Oman, zenye maduka ya nguo tangu enzi za babu zao, alikuwa amempa Mwalimu kazi. Alitaka mteja akifungua duka lake kwenye simu aione kanga inapepea, kama imeanikwa pale mbele yake. Mimi nilipewa pindo, ule ukingo unaozunguka nguo, Hamisi akapewa mji, lile pambo la katikati, Saumu mwanga na vivuli. Nilishindwa. Pindo langu lilikuwa linakimbia kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine kama treni. Mwalimu akatoka uani, akarudi na kanga ya mkewe mbichi kutoka kwenye kamba, inadondosha maji sakafuni, akamwita Mama Elinami ashike ncha mbili, yeye akashika mbili, wakaitikisa. Akaniambia nitazame ua moja tu. Nikatazama. Ua lilipanda, likashuka, likapanda, mahali palepale. Akasema, "Ua haliendi popote, mwanangu. Kinachokwenda ni wimbi." Nilipoandika vile, Mkalimani akanyamaza kimya, na pindo likapepea. Nilihisi nywele zinanisimama. Mpaka leo nikilipwa kwa kazi hii, nalipwa kwa sababu ya ile kanga mbichi. Mtu aliyenipa kile kitu ndiye huyohuyo. Hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa, inazunguka nyumba nzima.

Mchana tulikula ukumbini. Mama Elinami alipika makande ya kwao, mazito, yenye maharage makubwa, lakini alikuwa amekwisha kujifunza na mapishi ya pwani, na siku nyingine alitusongea bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa ambao hata Saumu, mtu wa kuzaliwa Tanga, aliulamba mpaka kwenye vidole. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, mwenye tabia ya kukuwekea chakula kabla hujasema shikamoo na kuitikia marahaba akiwa amekwisha kukupa mgongo. Siku moja ya papa nilikwenda jikoni kuchukua sahani, harufu ikanipanda, nikakimbilia uani nikatapika kwenye mtaro. Alinifuata na kopo la maji. Hakuuliza naumwa nini. Aliniuliza mwezi wa ngapi. Nikamwambia sijui, labda wa tatu. Aliyenipa mimba alikuwa amekwenda kutafuta maisha na ameyapata huko huko, nimemaliza habari yake. Mama Elinami alinitazama tumbo, ambalo lilikuwa bado halijasema kitu, kisha akatazama mlango wa darasa.

"Usimwambie," akasema. "Na usilale kwenye lile benchi."

Nikamuuliza nitakataaje, mama, wakati sheria ni ya wote.

"Basi usikosee."

Jaribu wewe. Kaa mbele ya kioo, mtoto tumboni, na kila herufi unayobonyeza ni fimbo kwa mtoto, tena si fimbo tu, ni ule ubao chini na uzito wako mwenyewe juu yake. Nikimwambia Mwalimu, ananifukuza, maana wawili kabla yetu walifukuzwa kwa jambo hilohilo, na aliwaita mbele ya darasa kwanza. Nikifukuzwa, sina kazi, na Bwana Nassor alikuwa amekwisha kusema atakayefanya vizuri atamchukua dukani kwa mshahara. Nikibaki, benchi. Kwa wiki kadhaa niliandika kama mtu anayevuka mto kwenye gogo. Nilijaribu mstari mmoja, nikasubiri, nikajaribu mwingine. Wenzangu waliniita bibi harusi kwa jinsi nilivyokwenda taratibu. Mwalimu akaanza kunisema navuta miguu, na uvivu nao akaupangia fimbo zake.

Saumu ndiye aliyegundua njia. Lugha ile ya juu ina mlango wa nyuma: ukichukua kipande cha lugha ya chini ukakifunga ndani ya alama za kunukuu, Mkalimani hakisomi. Anakipitisha vilevile kwenda kwenye chipu, kama mzigo uliofungwa ambao mtu wa forodha amekubali kutoufungua. Hakuna kilichokaguliwa, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu. Saumu alinionyesha chumbani kwetu, anakaanga vitumbua, unga umemjaa vidoleni. Akaniambia ukiona pagumu, funga, pitisha. Nikamuuliza na kikiwa kibaya ndani? Akasema kikiwa kibaya kitajulikana huko mbele, si makalioni mwetu. Tukacheka mpaka kitumbua kimoja kikaungua. Asubuhi yake akamwonyesha Hamisi, Hamisi akawaonyesha wengine, na kabla wiki haijaisha darasa zima lilikuwa linafunga na kupitisha. Vioo vikawa vyeupe. Ndoo ya fimbo ikaota utando. Mwalimu akatembea katikati ya meza mikono nyuma, uso umemkunjuka, akasema sasa mmeiva, akaimba nusu ubeti wa wimbo wa kanisani. Alikuwa anaangalia wekundu tu. Mtu akishakuzoesha kwamba kosa ni kile kinachoonekana, unamtengenezea kisichoonekana. Na mie tumbo langu likakua chini ya dera, salama, na nikaamini nimeshinda.

Bwana Nassor alikuja na mama yake, bibi mkavu mwenye hina mpaka viwikoni, aliyeketi kwenye kiti cha Mwalimu bila kukaribishwa. Kwenye kompyuta ya darasani kanga ilipepea vizuri sana, bibi akasema mashallah. Kisha Bwana Nassor akatoa simu yake, maana wateja wake hawana kompyuta, wana simu, akafungua ukurasa. Kompyuta zetu zilikuwa zimevumilia uchafu wetu. Simu haikuvumilia. Kioo kilikuwa cheusi kwanza. Kisha mji wa Hamisi ukatokea bila pindo, kisha pindo langu bila mji, kisha vyote vikaanza kumemeta vyekundu na vyeupe kwa kasi ambayo ilituumiza macho, na simu ikapata moto hata Bwana Nassor akaihamisha mkono huu na huu kama muhogo uliotoka majivuni. Bibi akaitazama, akaujaribu mkono wa mwanawe kwa kidole. Akauliza, kwa upole kabisa, kama hii ni kanga ya kuvaa au ya kufukuzia popo. Hakuna aliyecheka. Bwana Nassor alimwambia Mwalimu ahsante, akasema watawasiliana, akamshika mama yake mkono, na tulisikia gari lao linageuza na kuondoka.

Mwalimu alifunga mlango. Alikwenda kompyuta kwa kompyuta, akafuta zile alama za kunukuu, akamwachia Mkalimani asome kila kitu. Vioo viligeuka vyekundu kimoja baada ya kingine, kama vibanda vinavyoshika moto kwa mpangilio. Hakukasirika kwa kelele. Alikunja mikono ya shati, akachagua fimbo, akaanza na Hamisi, akapiga mpaka utani wa Hamisi ukamwisha na akalia kwa sauti ya mtoto mdogo. Akampiga Saumu. Akampiga yule dada mwenye mume, kikapu cha chakula kimemwagika chini. Harufu ya darasa ilibadilika, jasho na maji ya ile ndoo na mkojo wa mtu mmoja nisiyemtaja. Mimi aliniacha mwisho, kwa kuwa pindo ndilo lilikuwa na wekundu mwingi kuliko vyote. Aliniambia lala. Nikamwambia siwezi kulala kwa tumbo, nipige nimesimama, nipige mgongo. Akauliza nina nini. Nikasema nina mimba. Feni ilikuwa inazunguka. Alinitazama pale tumboni kama anavyotazama jibu lisilo sahihi ubaoni.

"Mimba haikuandika programu," akasema. "Mshikeni."

Wakanishika. Hapa nataka niseme taratibu ili kila mtu asikie. Si mashetani waliotoka baharini. Ni Hamisi aliyeshika mkono wangu wa kulia, bado anavuta kamasi za kilio chake. Ni kijana mmoja wa Pangani aliyeshika wa kushoto. Ni Saumu, tuliyelala kitanda kimoja, aliyeshika mguu, ananiambia kwa sauti ya chini vumilia shoga, itaisha upesi. Walikuwa wamechapwa, na mtu aliyechapwa anaona ni haki na wewe uchapwe. Waliniinua wakanilaza. Tumbo lilipogusa ubao nilisikia mtoto amejivuta pembeni, kama mtu anayesogezwa kwenye mkeka. Fimbo ya kwanza sikuisikia kwa maumivu, niliisikia kwa ubao. Ya pili nikajikunja, na kidole gumba cha Hamisi kikawa karibu na mdomo wangu, nikakiuma mpaka jino likagusa mfupa. Akaniachia. Nikampiga Saumu teke la kifua. Nikaanguka kutoka kwenye benchi kwa ubavu, nikainuka nimeshika fimbo, kwa sababu nilikuwa nimeidaka ikishuka ya tatu, na Mwalimu alikuwa ameshika upande mmoja, anavuta, anashangaa. Nilivuta kwa nguvu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata nikiwa na uchungu wa kuzaa. Akaachia. Nikampiga usoni. Alirudi nyuma akaangukia meza, kompyuta mbili zikaenda chini, nikampiga shingoni, nikampiga mikononi alipojikinga, ile mikono isiyopigwa, nikasikia kidole kinalia. Hakuna aliyenigusa. Nilimpiga akiwa amekaa sakafuni katikati ya waya, mdomo unatoka damu, na kila nilipopiga nilijisikia vizuri zaidi, na ndiyo maana sikuacha. Mnaotaka kusoma kwamba nilijuta, funikeni ukurasa.

Mama Elinami ndiye aliyenishika. Hakuja kwa mbio. Alipita katikati ya darasa akiwa na kitambaa cha jikoni begani, hakumtazama mumewe, akaishika fimbo juu ya mkono wangu na kuituliza. Akaniambia, "Basi, mama. Utamtoa mtoto." Ndipo nilipotazama chini nikaona damu kwenye miguu yangu, na ile haikuwa ya Mwalimu. Alinifunga kanga kiunoni, akanitoa nje, akasimamisha bajaji, akapanda na mimi. Njia nzima alinikandamiza paja kwa mkono mmoja na kumwambia dereva akwepe mashimo. Hospitali walinilaza chali, miguu imeinuliwa, na nesi mmoja akaniambia tutangoja, akitaka kukaa atakaa. Tukangoja. Mama Elinami alikaa kwenye stuli, anakunja na kukunjua kile kitambaa. Mtoto alikaa. Siku ya pili jioni alinipiga teke, nikalia kwa mara ya kwanza, na Mama Elinami akainuka akaenda zake nyumbani kupika.

Mwalimu aliwaambia majirani ameanguka ngazini, na darasa zima likaanguka naye ngazini. Nani angesema amepigwa na msichana? Cheti hakunipa. Saumu alihama chumba nikiwa wodini, akaniachia kioo. Baada ya wiki moja Mama Elinami alikuja Usagara na mfuko wa sandarusi, ndani kuna ile laptopu niliyokuwa naitumia darasani, kona moja imepasuka. Alisema ameichukua, hajaomba. Sikumuuliza alijibu nini alipoulizwa iko wapi. Nilikuwa na umri wa kufikiria tumbo langu tu. Kwenye laptopu ile nililiandika pindo upya, bila kufunga wala kupitisha kitu. Mkalimani aliponitolea mistari myekundu niliisoma mmoja mmoja, mara ya kwanza maishani mwangu ninaisoma badala ya kuiogopa, na kumbe ilikuwa inasema maneno ya kawaida kabisa: hapa umenipa namba moja nami nangoja tatu, hapa hukufunga mlango. Nilijaribu kwenye simu ya kila mtu aliyekubali kunipa simu, mpaka muuza kahawa. Zuhura alizaliwa. Nikampeleka mgongoni hadi dukani kwa Bwana Nassor, nikaiweka simu mbele ya yule bibi wa hina, kanga ikapepea. Aliitazama kitambo, akaniuliza popo wangu wamekwenda wapi. Nikapata kazi.

Sasa Zuhura yuko darasa la kwanza, na mie nimekaa kwenye msiba wa Mwalimu Zakaria, Saumu amenibana goti. Nikasimama. Nilikwenda mbele na mwanangu, nimemshika mkono, nikachukua kipaza sauti kutoka kwa Hamisi, na aliponipa alificha kidole gumba kwenye ngumi. Nilisema Mwalimu alinifundisha wimbi, na kwa hilo ninakula mpaka leo. Nikasema siku moja alinilaza kifudifudi nikiwa na mtoto huyu tumboni, naye alijua. Nikasema walionishika wako hapa, mmoja amekwisha kusema mbele yangu na mwingine ameniomba niseme mema. Nikasema yeye sasa ana Mungu wake wa kumjibu, lakini nyinyi mlio hai, neno lile la kunyoosha msilirudie mwanangu akiwa anasikia. Hapo mchungaji akaanza wimbo, kwa haraka kidogo kuliko inavyostahili, na kwaya ikamkimbilia. Wanawake wengine walinitazama kama nimekojoa kanisani. Saumu alikuwa ameinamia simu yake. Nilijua kinachofuata ni adabu, nayo ni kwenda kumpa mfiwa pole, na nilijua huenda nikafukuzwa, nikaenda.

Mama Elinami alikuwa chumba cha ndani, juu ya godoro, amezungukwa na ndugu zake kutoka milimani. Amekonda. Alikuwa amesikia kila neno, kipaza sauti kilikuwa kinafika mpaka uani. Ndugu mmoja akaanza kuniambia niwe na haya, binti, mwenye nyumba bado hajazikwa, na Mama Elinami akamgusa mkono akanyamaza. Nilipiga magoti nikampa pole. Hakuitikia pole. Alimvuta Zuhura, akamkalisha mbele yake, akampima kwa mikono, mabega, mbavu, vidole, kama mtu anayehakiki mzigo uliofika kutoka mbali.

"Elinami ana wakubwa zake wawili," akaniambia. "Hawakufika kuzaliwa. Lile benchi lilianzia jikoni, mwanangu, kabla ya kwenda darasani."

Wale ndugu zake walitazama mkeka, wote. Nilimwambia Zuhura amsalimie bibi, naye akasema shikamoo kwa sauti yake ya shuleni. Mama Elinami akaitikia marahaba. Akavuta pumzi, akaitikia tena, marahaba. Kisha ya tatu, taratibu, mkono wake ukiwa bado kwenye kichwa cha mtoto mmoja.